Moshi Niliomwambia Atauzoea

Kila daktari aliyenipokea alianza na swali lilelile: "Unavuta sigara?" Nilijibu sijawahi. Nesi aliyejaza fomu aliuliza, na mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja pale mapokezi naye aliuliza, kwa upole, kama mtu anayemtafutia mwenzake sababu. Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza nilikuwa navuta nini kazini. Na mimi nilichukua karibu mwaka mzima kabla ya kuutaja moshi. Naandika haya kwa ajili ya wanaoshuka chini ya ardhi leo, na kwa wake zao, na zaidi kwa wale waliopewa madaraka ya kuwashusha wenzao. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Naitwa Mika. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na mke wangu Sechelela na binti yetu Nyemo, ambaye ni karani katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Kabla ya kuugua nilifanya kazi miaka kumi na minne katika mgodi wa dhahabu ulio mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Wiki sita kazini, wiki mbili nyumbani. Nilianza kama msaidizi, nikawa dereva wa loda, ile mashine fupi na pana inayozoa mawe baada ya mwamba kulipuliwa, na miaka mitano ya mwisho nikawa supavaiza wa shifti.

Asiyewahi kushuka hudhani kinachotisha kule ni mwamba kuporomoka. Kweli tuliuogopa mwamba. Tuliugonga kwa chuma kirefu kabla ya kupita chini yake, tukasikiliza unavyojibu. Moshi hatukuuogopa. Mashine zote kule chini zilikunywa dizeli: loda, malori, hata gari lililotupeleka na kuturudisha. Hewa safi ilisukumwa na feni kubwa kupitia bomba la turubai lililoning'inia juu ya vichwa vyetu. Bomba likiwa zima, moshi uliondoka. Likichanika, na malori yalilikwaruza mara kwa mara, moshi ulisimama palepale. Uliona taa za lori bila kuliona lori.

Tulipanda juu tukitema mate meusi. Ukipenga kamasi, kitambaa kinakuwa kama cha fundi wa magari. Tulicheka. Barakoa tulipewa, lakini kwa joto lile ilikuwa kama mtu amekuziba pumzi kwa kiganja, kwa hiyo nyingi zilikaa shingoni. Waliotutangulia walitufundisha kunywa maziwa baada ya shifti, eti yanasafisha kifua. Niliyanywa miaka yote kumi na minne kwa imani kamili.

Yona ni mdogo wake Sechelela, mtoto wa mwisho wa mama mkwe wangu kule Makutupora. Alimaliza shule akawa anahangaika na vibarua vya zabibu, kupogoa na kuvuna, msimu upo, msimu haupo. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi mgodini. Mama mkwe alinishika mikono yote miwili siku namchukua. Baada ya miaka miwili Yona alikuwa dereva mzuri wa loda kuliko nilivyokuwa mimi, na alikuwa chini yangu, kwenye shifti yangu.

Siku moja bomba la hewa lilichanika asubuhi. Mafundi walisema watakuja, hawakuja. Saa mbili baadaye Yona alizima loda akatembea njia nzima kurudi kwenye kijumba cha hewa safi nilipokuwa na karatasi zangu. Macho yalikuwa mekundu, anashika ukuta.

"Shemeji, siwezi kuendelea. Moshi unanikaba, kichwa kinataka kupasuka."

"Bomba litatengenezwa."

"Basi nisubiri litengenezwe."

Tulikuwa nyuma ya lengo la wiki. Meneja alikuwa ameshaniita kwenye redio mara mbili. Nikamwambia Yona maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote: "Sote tulianza hivyo. Utazoea. Kama huwezi, kule juu getini kuna watu wanaoomba hiyo kazi."

Alinitazama. Hakubishana. Lakini hakurudi kwenye mashine mpaka nilipochukua kalamu nikaanza kumwandikia onyo la maandishi. Alinisubiri nimalize, akatia sahihi, akarudi kwenye moshi. Kuanzia siku ile, tukiwa kazini, aliniita bosi kama wengine.

Kikohozi changu kilianza mwezi wa saba, ule wakati upepo wa Dodoma unapokausha midomo na kila mtu anakohoa, kwa hiyo hakuna aliyekishangaa. Nilikuwa nyumbani kwa mapumziko. Kanisani naimba sauti ya nne. Jumapili ile tulifika mahali pa kushikilia noti, wenzangu wakaishikilia, mimi ikanikatikia katikati. Mwalimu wa kwaya alinitupia jicho. Jumapili iliyofuata ikakatika mapema zaidi. Nikamwambia Sechelela ni vumbi.

Mwezi wa tisa nilikuwa nimepungua mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Niliomba likizo ya ugonjwa. Zahanati walisema mchimbaji anayekohoa na kukonda ana kifua kikuu. Makohozi yalipimwa, hawakuona kitu, picha ya kifua ikaonyesha kivuli, wakanianzishia dawa. Siwalaumu, mchimbaji mwenye kifua wanamwona kila wiki. Miezi sita nilimeza vile vidonge. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa. Mvua zikaja, wakwe zangu wakapanda mtama, mvua zikaenda, na mimi bado nakohoa, sasa na uzi wa damu.

Kama kuna mtu anayesoma haya na yuko mahali hapo, anameza dawa na hapati nafuu, naomba asikae kimya kwa adabu kama nilivyokaa mimi. Rudi ukaseme. Taja na kazi unayofanya.

Ugonjwa usio na jina huvuta maneno. Mtaani walisema ni ule ugonjwa mwingine, kwamba watu wa migodini hawakai bila wanawake. Sechelela aliyasikia kisimani kwa majirani na akarudi na ndoo yake, akalala amenigeukia mgongo siku kadhaa. Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka kijijini akataka tukamwone mganga wake, maana lazima kuna mfanyakazi mwenzangu aliyenionea wivu wa cheo. Tuligombana mbele ya chai. Aliondoka bila kuimaliza.

Zabibu za msimu wa kwanza zilikuwa zinaisha niliposhika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa. Huko nilijifunza kungoja. Unafika kabla jua halijatoka, unapewa namba, unakaa. Unawajua watu kwa visogo vyao. Nilikaa siku nyingi karibu na mzee mmoja Msandawe kutoka Chemba, aliyeletwa na bintiye. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Mengine aliyasema kwa lugha yao ile ambayo ulimi hualika kama vijiti vikivunjika, na bintiye akanitafsiria. Kila jina langu lilipoitwa, mzee alinibana mkono kidogo kabla sijainuka. Hatukuwa na mazungumzo mengine. Siku aliyokosekana nilimtafuta kila benchi, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Walinipiga siti-skani, wakanitoboa ubavuni kwa sindano ndefu wakachukua kinyama cha kupima. Majibu nilipewa na daktari kijana wa kike, mpole, ambaye alisogeza kiti chake upande wetu wa meza kabla ya kufungua faili. Sechelela alikuwa kando yangu.

"Baba, ni saratani. Iko pafu la kulia, chini. Bahati ni kwamba haijasambaa, inaweza kukatwa." Kisha akasema, "Umeandika hapa hujawahi kuvuta sigara. Kazi yako ni ipi?"

"Mgodini. Chini ya ardhi."

"Mashine zinatumia nini?"

"Dizeli. Zote."

Aliweka kalamu mezani. "Mtu mmoja mmoja huwezi kuapa kilichomletea ugonjwa. Lakini moshi wa dizeli unaleta saratani ya mapafu, hilo linajulikana, na wewe umeuvuta miaka mingi mahali pasipo na dirisha." Akasita. "Na wenzako wa huko?"

Nikasema, "Wapo. Wanaendelea."

Sechelela alinishika goti. Alidhani nalia kwa sababu ya saratani.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam. Tulishuka na treni ya umeme, safari ambayo Nyemo alikuwa ameitamani, akawa anatutajia kila stesheni ili tusikae kimya. Nilizinduka nikiwa na mpira umetoka ubavuni na sehemu ya pafu haipo. Kitu cha kwanza nilichojifunza upya ni kukohoa: nesi ananikumbatisha mto kifuani, ananiambia, "Kohoa, baba, usiogope, mshono hautapasuka." Kitu cha pili ni kwamba ngazi si jambo dogo. Nilirudi Nkuhungu nikiwa mtu wa kukaa kitandani nikihesabu pumzi za kwenda chooni.

Zikafuata dripu nne za dawa ya saratani, kila baada ya wiki tatu, hapahapa Dodoma. Dripu ya kwanza ilikuwa wakati mashambani wanapogoa mizabibu. Mdomo ulijaa ladha ya sarafu. Nilichoweza kula ni uji wa uwele uliopoa na vipande vya embe kavu. Baada ya ya pili nywele ziliondoka, kucha zikawa nyeusi, na nyayo zikafa ganzi hadi nikawa natembea kama nakanyaga nguo. Sechelela alinisugua miguu kwa mafuta kila mchana. Aliacha biashara yake ya vitenge. Hakunung'unika hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

Yona alipiga simu kila Jumapili alipopanda juu. Sechelela aliweka sauti kubwa ili sote tusikie. Jumapili moja, katikati ya maneno, alikohoa. Kikohozi kifupi, mara tatu, kikavu, na pumzi ya kuvuta mwishoni kama mtu anayepuliza chupa. Nilikijua. Ndicho nilichoanza nacho.

"Una mafua?" Sechelela akamwuliza.

"Vumbi tu, dada."

Nilikuwa na nafasi. Simu ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Ningesema: toka huko, kapime. Lakini nikisema toka, ningepaswa kusema kwa nini hakutoka siku ile alipotaka. Nikanyamaza. Nikanyamaza Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena. Saratani haikunitia aibu. Wiki zile ndizo zinazonitia aibu hadi leo.

Nilisema siku chache kabla ya dripu ya tatu. Ilikuwa mchana, Sechelela ameushika mguu wangu wa kushoto, mafuta mkononi.

"Mama Nyemo, Yona aliwahi kuniambia moshi unamkaba. Alizima mashine akaja kwangu. Nilimwandikia onyo, nikamrudisha."

Mkono wake ulisimama.

"Lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Na kile kikohozi cha Jumapili, wewe unakijua ni nini?"

"Nakihofia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Alimaliza ule mguu. Akasugua na wa pili, polepole, hadi vidole vyote, akavifuta kwa kitambaa. Kisha akanawa, akafunga kanga zake mbili kwenye mfuko, akaenda Makutupora kwa mama yake. Kabla hajafika barabarani nilimsikia akiongea na simu: "Yona, sikiliza. Toka huko leo. Sijali wanasema nini."

Dripu ya tatu nilikwenda na Nyemo aliyeomba ruhusa ofisini. Alinikalisha, akaniletea maji, akakaa akitazama dirisha. Mwishowe akasema, "Baba, mama hajasema umefanya nini. Amesema tu nikuangalie." Nikamwambia yote. Alipoona natetemeka kwa baridi ya ile dawa, alivua sweta lake akanifunika.

Sechelela alirudi siku ya kumi na moja. Alipita moja kwa moja jikoni, akainjika uji, akauleta.

"Nimerudi kukuuguza," akasema. "Kukusamehe bado sijafika. Usinisukume."

Sikumsukuma. Nilikunywa uji.

Yona alikuja wakati wa mavuno ya pili, mgodi ulipompa ruhusa. Alikuwa amekonda shingoni. Nilisimama kumpokea kwa fimbo yangu, kichwa bila unywele, na kwa mara ya kwanza tangu dripu zianze aliona nilivyo. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Yalitoka mawili tu: "Nisamehe, Yona." Akasema, "Twende tukapime kwanza, shemeji. Mengine baadaye."

Majibu yake hayakuwa saratani. Nilipiga magoti pale kwenye korido, watu wakitazama. Lakini daktari hakutabasamu. Njia zake za hewa zilikuwa zimeharibika na kubana, na hazitarudi zilivyokuwa. Atatumia dawa ya kuvuta kwa mdomo kila siku, na akirudi kwenye moshi atajimaliza. Yona alikuwa na miaka thelathini na nne. Aliuliza swali moja: "Naweza kuendesha lori huku juu?" Daktari akasema labda, kwa masharti. Alikuwa anaipenda ile kazi. Hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria. Aliipenda, na angeifanya hadi uzeeni kama mtu aliyekuwa na kalamu angengoja bomba litengenezwe.

Nilikwenda Makutupora kumweleza mama mkwe mwenyewe. Alinipokea vizuri. "Mbukwenyi," tukasalimiana kwa Kigogo, akanipa kigoda mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe. Nilieleza nikitazama chini. Aliposikia yote alisema, "Ulimchukua mzima." Basi. Kisha akaniuliza kama naweza kula zabibu, maana alisikia mdomo wangu umeharibika, akanichagulia kishada kitamu. Nilikila mbele yake, punje kwa punje, na sikuweza kuonja chochote.

Kwenye kundi la simu la shifti yetu ya zamani nilituma ujumbe wa sauti. Nilikuwa na pumzi fupi, ikanibidi niurekodi vipande vitatu. Nilisema ninaumwa nini, nikasema daktari ameniambia nini juu ya dizeli, nikasema bomba likichanika zimeni mashine mkae penye hewa, na mkohoao mkapime. Wengine walinitumia pole na mikono ya sala. Mmoja aliandika, "Bosi, si wewe uliyetuambia tutazoea?" Nilimjibu, "Ni mimi. Niliwadanganya, na nilijidanganya." Baadaye nilisikia wanne wamekwenda kupima, na kwamba shifti imeanza kukataa kuingia bila feni, wote kwa pamoja, ili supavaiza asipate wa kumwandikia onyo peke yake. Sijui kama watashikilia.

Kwa supavaiza anayesoma haya sina la kitaalamu. Mtu akikuambia hewa inamkaba, mwamini yeye kabla ya lengo la wiki. Ukiwa na shaka, nenda ukasimame mahali aliposimama.

Sasa nywele zimerudi, nyembamba na nyeupe zaidi. Nyayo bado zina ganzi kidogo. Kwaya nimerudi, nakaa nyuma, naimba mistari mifupi, mirefu nawaachia wenzangu. Sechelela amefungua tena biashara ya vitenge. Siku moja, bila kunitazama, aliniambia, "Leo sikukukasirikia tangu asubuhi." Nikamwambia asante.

Kila baada ya miezi mitatu narudi hospitali kupigwa picha, na Yona huja siku hiyohiyo kuchukua dawa yake. Mara ya mwisho tuliyokwenda, nesi mgeni alikuwa mlangoni akipunguza msongamano, kila mgonjwa aingie na mtu mmoja tu. Alitutazama sisi wawili, mmoja na fimbo, mwingine anahema kwa ngazi chache tulizopanda.

"Mgonjwa ni nani," akauliza, "na msindikizaji ni nani?"

Nilifungua mdomo kujibu. Yona alinitangulia.

"Wote wagonjwa, dada," akasema. "Tulikuwa kazi moja."

Angeweza kusema zaidi. Nesi alikuwa anangoja, kalamu mkononi, na nyuma yetu foleni nzima inasikiliza. Yona alitazama mbele tu. Nesi akatuandika namba mbili zinazofuatana, tukaingia.